Jicho la Zamani Ndani ya Kamera Mpya

Alhamisi mchana mjukuu wangu Mapenzi aliingia nyumbani kwangu Buxton, akaiweka kamera yake juu ya meza yangu ya kukatia nguo, akasema hatakwenda tena kupiga picha harusi ya Kasyoka.

Kamera ile ilikuwa na siku nne tu tangu aitoe dukani. Alifanya vibarua mwaka mzima ndipo akaipata, na harusi hiyo ya Jumamosi ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa na mtu asiye wa ukoo wetu.

"Umepatwa na nini?" nikamwuliza.

"Ronny amenicheka, nyanya. Anasema nimeuziwa kiporo kwenye sahani mpya. Eti jicho la ndani ni la kamera iliyotoka miaka minane nyuma. Nimetafuta kwenye simu, na ni kweli. Bora harusi aichukue yeye."

Ronny naye ni mpiga picha, anakaa Tudor, na mdomo wake haujui Jumapili. Sikubishana. Nilimalizia kifungo cha sare niliyokuwa nayo mkononi, nikakata uzi, nikajitanda leso, nikamwambia twende Kibokoni kwa fundi Fuad, ambaye anafungua kamera tangu zile za filamu.

"Karibu mamangu," Fuad akasema. "Hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Mtazamie huyu kamera yake, ameambiwa amelaghaiwa."

Akawasha taa ya meza, akafuta vidole kimoja kimoja, akaizungusha lenzi mpaka ikatoka. Kisha akanipa mimi kioo cha kukuzia. "Tazama, ila usikipumulie."

Nikaziba mdomo kwa ncha ya leso, nikainama. Jicho lenyewe lilikuwa kipande cha ukubwa wa stempu ya posta, cheusi. Nikisogeza kichwa kinakuwa kijani, nikisogeza tena kinakuwa zambarau, kama shingo ya njiwa. Fuad akaniambia humo mna vijishimo milioni ishirini na nne, na kila kimoja kinadaka mwanga wake. Miaka arubaini natia uzi kwenye tundu la sindano. Nikajaribu kuyawaza matundu milioni moja tu, nikashindwa. Mwili ukanisisimka.

Fuad akatoa kwenye droo kamera kubwa, iliyokufa, rangi imechubuka pembeni. "Hii ilikuwa ya studio. Wakati wake, kwa bei yake ungepata pikipiki." Akaifungua, akaziweka ubavu kwa ubavu. Kipande ni kile kile, na shingo ya njiwa ni ile ile.

"Basi ni kweli ni cha zamani," Mapenzi akasema kwa sauti ya chini.

"Ni kweli. Wangekutilia kipya ungeweza kuinunua? Kubuni hiki watu walihangaika miaka. Mitambo ikajengwa, makosa yakatokea, yakarekebishwa. Gharama yote hiyo wamelipa watu wa studio. Mitambo bado ipo, inatoa tu, sasa wanakitia kwenye kamera ya anayeanza." Akacheka. "Na ni wafanyabiashara, usiwaone malaika. Hawataki ya bei ndogo iipite ya bei kubwa. Wanataka uonje, kesho urudi kununua ya ghali."

Hapo nikaelewa. Kuna gauni la bi harusi nililowahi kushona, mikono ya kufura, nikaharibu yadi tatu za satini kabla kigezo hakijakaa sawa. Kigezo hicho cha karatasi ngumu ninacho hadi leo. Wasichana wa kwaya ninawakatia kwacho kwa nusu ya bei, na mikono yao hukaa vizuri kuliko ya yule bi harusi. Sikuwahi kufikiri kwamba wenye viwanda huko ng'ambo, wanaochimba vijishimo visivyoonekana, nao hufanya kama mimi wa Buxton.

"Upungufu wake ni upi?" Mapenzi akauliza.

"Mbio. Anayekimbia itachelewa kumshika. Usiende nayo kwenye mpira. Lakini bi harusi hakimbii."

"Labda amwone Ronny," nikasema.

Mapenzi akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akatoa simu, akasimama mlangoni. "Dada Kasyoka, ni Mapenzi. Kanisani mnaingia saa ngapi?"

Fuad akaninyooshea mkono. "Mamangu, nipe kioo changu niifunge kamera, vumbi litaingia."

Nikamwambia angoje kidogo. Nilikuwa sijamaliza kutazama.