Bushi za Mpingo

Tairi la nyuma lilikwenda kushoto, likaenda kulia, likagonga. Nikalishika tena, mkono mmoja juu na mwingine chini, nikatikisa. Pikipiki ilikuwa juu ya stendi ya kati, mbele ya kibanda changu pale Nangurukuru, na baba alikuwa amesimama pembeni na kapu lake la machungwa, akiangalia mikono yangu badala ya kuangalia tairi.

"Baba, umeipandaje hii kutoka Kipatimu?"

"Polepole."

Alikuwa katekista, na ile pikipiki aliachiwa na padri mmoja mzee, miaka mingi kabla mimi sijajua spana ni nini. Mama ndiye aliyenipigia simu. Alisema inayumba nyuma kama inataka kuangusha mtu, na kwamba fundi wa kule kijijini ameshabadilisha beringi za tairi mara mbili na bado hali ni ileile. "Mtengenezee baba yako kabla sijawa mjane," alisema, akakata.

Sikuhitaji dakika tano. Niliweka kidole pale ambapo ule mkono unaobeba tairi la nyuma unaungana na fremu, nikatikisa kwa mkono mwingine, nikasikia kitu kinacheza chini ya kidole. Tairi na beringi zake vilikuwa vizima. Zilizokwisha ni bushi, pete mbili zinazokaa ndani ya lile ungio, na bolti ndefu inapita katikati yake. Ukiziacha, siku moja kwenye kona yenye mchanga mbele kunakwenda kwake na nyuma kwake.

"Kaza bolti tu," baba alisema. "Usifungue."

"Kukaza hakusaidii, baba. Bushi zimekufa."

"Kaza tu, Anthony. Inanitosha."

Akaniachia machungwa, akapanda gari la Kilwa Masoko kwenda kwenye kikao cha makatekista.

Niseme ukweli, yale maneno yaliniuma. Nyumbani kwetu mwenye mikono alikuwa Erasmo, kaka yangu. Erasmo aliyechonga altare ya kanisa la kigango, Erasmo aliyemtengenezea mama kitanda bila msumari hata mmoja. Mimi nilikuwa yule wa kuvunja vitu. Nilikwenda Dar, nikajifunza ufundi gereji miaka minne, na ndani ya miaka hiyo gogo la mninga likamwangukia Erasmo msituni. Nilifika kumzika, nikakaa siku tatu, nikarudi mjini. Nilipokuja kufungua kibanda Nangurukuru niliwaambia watu nataka kuwa karibu na wazee. Kilichonileta hasa ni kwamba nilitaka baba aseme, hata mara moja, kwamba na mimi kazi naiweza. Sasa ameniletea pikipiki yake, halafu ananikataza kuifungua.

Nikaifungua.

Nilitoa cheni, nikatoa tairi, nikalegeza shokapu. Bolti ndefu ilikuwa imeshika kutu, nikaigonga kwa nyundo na kipande cha mti mpaka ikakubali. Bushi zilizotoka zilinishangaza. Hazikuwa chuma wala plastiki. Zilikuwa za mbao, nyeusi, zimelowa grisi ya miaka, upande mmoja zimelika mpaka zimebaki nyembamba kama ganda la chungwa. Ulikuwa mpingo. Kwa ndani mtu alikuwa amechonga mfereji mwembamba unaozunguka ili grisi ipite. Niliupitishia ukucha, nikaona wazi kwamba umekatwa na mtu anayejua kazi, na hilo nalo halikunizuia. Nilizirusha juu nikazidaka, nikamwita Mwanaidi, mama ntilie wa kibanda cha jirani.

"Dada Mwanaidi! Njoo uone mambo ya kwetu milimani. Watu wanatengeneza pikipiki kwa kuni!"

Tulicheka sana. Akasema basi kuni hizo azipate yeye, maharage yake yamegoma kuiva. Nikazitia jikoni kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, chini ya sufuria. Grisi ikalipuka moto, tukacheka tena.

Bushi mpya nilikuwa nazo, za shaba, nilizoagiza kwa basi mara tu mama aliponipigia, maana nilishahisi ni bushi. Nilisafisha ungio, nikapaka grisi, nikaziingiza kwa kuzigonga taratibu zisikae upande, nikarudisha bolti. Nikatikisa. Kimya. Nikatikisa kwa nguvu zote mpaka stendi ikalia, na tairi halikucheza hata kidogo. Sikumbuki kazi nyingine niliyoifurahia kama ile.

Baba alirudi alasiri. Alishika tairi mwenyewe, akatikisa kushoto, akatikisa kulia. Akarudia, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Kisha akachuchumaa, akaangalia ungio.

"Zile ulizotoa ziko wapi?"

"Zilikuwa mbovu, baba. Zilikuwa mbao tu."

"Ziko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, kwa Mwanaidi. Akaenda.

"Shikamoo, baba," Mwanaidi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Naomba uniipulie sufuria kidogo."

Mwanaidi alinitazama, kisha akaipua. Baba akainama juu ya jiko. Kulikuwa na makaa, na makaa yakishakuwa mekundu yote yanafanana. Alichukua koleo akayageuza moja moja, bila haraka, na mimi nimesimama nyuma yake na grisi mikononi, nimeshaelewa ule mfereji ulichongwa na mikono ya nani.

"Ni za Erasmo?" nilimuuliza.

Alirudisha koleo mahali pake.

"Rudisha tu sufuria, mwanangu," alimwambia Mwanaidi. "Ni chakula cha watu."

Akarudi kwenye pikipiki, akavaa koti, akaiwasha. Kabla hajaondoka aliniwekea mkono begani. "Umefanya kazi nzuri, Anthony," alisema. Hakuwa ananikejeli, alimaanisha. Maneno hayo niliyangoja tangu utoto, na yalipofika nilitamani ayarudishe.

Mengine alinieleza mama, baadaye sana. Kwamba spea zilipokosekana, mimi nikiwa Dar, Erasmo alikaa wiki nzima na kipande cha mpingo, patasi na msasa, na baba akimshikia taa. Kwamba baba alijua kabisa tatizo si beringi, ila alimwacha yule fundi abadilishe ili mama aache kelele.

"Erasmo alikuwa hatulii ukimpakia," mama alisema. "Anageuka huku, anageuka kule, anasalimia kila mtu. Baba yako anasema pikipiki ikiyumba vile ilikuwa kama kampakia."

Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakuniambia kabla sijaifungua. Akasema hata yeye aliambiwa siku ile baba aliporudi kutoka kwangu. Tukalia wote wawili, yeye na bakuli la mchele mapajani, mimi nimeegemea mlango.

Baba aliipanda miaka mitano zaidi na hakuanguka hata mara moja. Mwaka jana alifariki, kwenye kile kitanda kisicho na msumari, na pikipiki ikaja kwangu. Inakwenda imenyooka, hata kwenye mchanga. Sijampakia mtu.

Kila Jumamosi naiweka juu ya stendi, nashika tairi la nyuma, natikisa kushoto na kulia. Kwenye droo nina bushi mbili za mpingo nilizochonga mwenyewe, baada ya kupasua tisa. Mfereji wake umepinda, Erasmo angenicheka. Nangoja za shaba ziishe nizitie hizo. Lakini haziishi. Nilizifunga vizuri mno.