Mkanda wa Salvatori

Gari dogo la Salvatori lilikuwa na ubahili wake. Likisimama, injini inajizima yenyewe kubania mafuta. Ukiachia breki, inawaka tena. Kitufe cha kulikataza kilishakufa, na betri ilikuwa hoi kwa kuchaji simu za nusu ya kijiji cha Mwese. Wiki iliyopita lilizimikia sokoni Mpanda likagoma kabisa, na gari la otomatiki husukumi likawaka.

Leo halikuruhusiwa kugoma. Kwenye kiti cha nyuma alilala mama mkwe wake, Nyamizi, aliyeumwa na nyoka asubuhi akichuma maharage. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa bintiye Pudensiana, mke wa Salvatori. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, na dawa ya sumu iko hospitali ya mjini.

Milimani walizuiwa na ng'ombe mara tatu. Injini haikuzima hata mara moja, Salvatori akaanza kujipa moyo. Walipoukaribia mji akavuta mkanda akajifunga, kama wafanyavyo madereva wote wa kule, maana kwao mkanda ni wa kumwonyesha trafiki tu.

Walipoingia mtaa wa Makanyagio, bajaji iliwakatia mbele. Akasimama, injini ikanyamaza. Akaachia breki, ikakoroma, ikawaka. Mbele kidogo lori lilikuwa linarudi nyuma. Akasimama tena, ikazima tena, na safari hii ilisuasua hadi taa za dashibodi zikafifia. Ilipowaka, Salvatori alikuwa ameloa jasho. Aliogopa mno.

"Ikizima tena haiwaki," alimwambia mkewe.

"Basi usisimame."

Mbele yao trafiki alikuwa ameinua mkono.

"Mwambie mumeo afungue huo mkanda," Nyamizi alisema kwa shida. Miaka sita ya ndoa hiyo, hajawahi kumsemesha mkwewe moja kwa moja. Maneno yote yalipitia kwa binti.

"Mama anaweweseka," Pudensiana alisema.

"Siweweseki. Kule kwa ng'ombe hakufunga, haikuzima. Imeanza alipofunga."

Salvatori alisita. Afungue mkanda trafiki anamtazama?

"Baba," Nyamizi alisema, safari hii kwake mwenyewe, "fungua."

Akafungua, akakanyaga breki. Gari likasimama, na injini ikaendelea kunguruma.

"Mkanda uko wapi?" trafiki aliuliza.

"Nikifunga, gari inazima, afande."

Trafiki alitaka kucheka, kisha akauona ule mguu. Akasogea pembeni.

"Nenda."

Hospitalini, Pudensiana alikimbilia ndani kutafuta machela. Hakurudi upesi. Salvatori alisimama kando ya mlango wa nyuma, uso kaugeuza, mikono mgongoni. Mama mkwe haguswi.

"Baba," sauti ilisema, sasa ikisikika kwa mbali. "Nibebe."

Akambeba mbio, gari akaliacha linanguruma mlangoni. Muuguzi aliyewapokea aliuliza huyu kijana ni nani wa mgonjwa.

"Mwanangu," Nyamizi alijibu.