Bawa la Kushoto

Jumapili iliyopita, jua likiwa bado la utosini, Mwadime Mkanyika aliota kwamba fomu aliyoipakata magotini imemwomba asogee kidogo, kwa kuwa inaumwa mgongo.

Alikuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki, ndani ya banda lililo nyuma ya nyumba yake pale Voi. Mwadime ni fundi mstaafu wa karakana ya reli, mtu wa miaka sitini na saba, na ndani ya banda hilo mna ndege ambayo haijawahi kuruka. Ni ndege ndogo ya watu wawili, ya zile zinazoletwa vipande vipande kwenye makasha, mwenyewe akaziunganisha. Aliianza miaka sita iliyopita pamoja na mkewe, Mkawasi. Mwadime alipiga ribiti, ile misumari mifupi inayobana bati na bati, kwa nyundo ya upepo, amejitia pamba masikioni kwa sababu ya kelele. Mkawasi alishikilia kipande cha chuma upande wa pili, ili ribiti ipate pa kujibana. Kila ribiti ilitaka watu wawili. Mkawasi alifariki mwaka juzi, mwezi wa Agosti, na bawa la kushoto halijaguswa tangu hapo.

Fomu aliileta binti yao, Wakio. Wauzaji wa ndege walitaka kujua Mwadime atamalizaje. Bawa la kushoto atalijenga mwenyewe, au aletewe lililokwisha kujengwa kabisa? Na viti, na magurudumu, na taa, je, atachukua vya kawaida au vile vizuri zaidi? Aweke alama tu. Wakio alimwomba achague kabla ya jioni, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuomba mara nyingi, kisha akaenda kuosha vyombo. Mwadime aliitazama ile fomu mpaka herufi zikalegea.

Sasa yuko dukani. Hakutembea, banda limejikunja tu, likawa duka la vipuri. Nyuma ya meza amesimama rafadha, lile panga linalozunguka mbele ya ndege, amevaa miwani.

"Tuna vya kuongeza uzito na vya kupunguza siku," anasema rafadha. "Wewe umefuata vipi?"

Mwadime anasema amefuata viti. Vinaitwa, vinakuja viwili kwa miguu yao, vya ngozi. Cha kushoto kinamwamkia. Cha kulia kinataka kujua atakayekikalia ana kilo ngapi. Mwadime anakieleza kwamba hakuna atakayekikalia.

"Basi niandike kwenye mizigo," kinasema kiti, bila ubaya wowote.

Rafadha anageuka taratibu, anateremsha kasha kutoka rafu ya juu. Anaeleza kwamba huu ni muda. Anayenunua mabawa yaliyokwisha huokoa miezi kumi na moja ya kupiga ribiti, na miezi hiyo hutunzwa hapa mpaka mwenyewe aje kuichukua. Juu ya kasha pameandikwa jina la Mkawasi.

Mwadime analijua kasha hilo, ingawa hajawahi kuliona. Mwezi wa Machi, mwaka mmoja na nusu kabla ya kifo chake, Mkawasi alimwomba wanunue mabawa yaliyokwisha. Alimwomba wakila, akamwomba tena siku nyingine wakitoka kanisani. Alisema anatamani kuviona vilima vya Taita kutoka juu, na shamba la mama yake kule Wundanyi, aone kama ni dogo kweli kama watu wanavyosema. Mwadime alimjibu kwamba mtu anayenunua mabawa hajajenga kitu, amenunua kitu. Alilisema hilo mbele ya wageni, nao walicheka.

"Nipe hilo," anamwambia rafadha.

"Hili tunauza kabla tu. Baada hatuuzi."

"Kabla ya nini?"

Rafadha anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

Anaingia mkaguzi. Mkaguzi ni pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, aliyevaa tai, na kila anapofikiri, povu lililo tumboni mwake huenda upande mmoja kisha likarudi katikati. Amekuja kwa ajili ya sheria. Sheria ya ndege za kujijengea inasema mjenzi awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi kwa mkono wake, la sivyo ndege si yake. Mwadime anaikubali sheria hiyo. Ameikubali miaka yote sita. Ndiyo iliyomfanya akatae mabawa yaliyokwisha.

Duka limeondoka. Ndege imesimama katikati ya uwanja wa kanisa, na watu wamekaa kwenye viti vya harusi wakingoja matokeo. Mkaguzi anazihoji ribiti moja baada ya nyingine. Anaziuliza zilipigwa na nani, nazo zinajibu kwa sauti ya watoto wa shule: tulipigwa na wawili, tulipigwa na wawili. Inakuwa nusu kwa nusu mpaka kwenye mkia.

Za mkiani zinasema zilipigwa na mmoja.

Mkaguzi anataka maelezo. Ribiti za mkiani zinaeleza kwamba kuna wiki Mwadime alikwenda Mombasa kutibiwa jicho. Mkawasi aliingia bandani peke yake kila asubuhi, akashika nyundo kwa mkono mmoja na chuma kwa mkono mwingine, akalala chali chini ya mkia. Alipumzika mara nyingi, akajifuta jasho kwa khanga, akaendelea. Mume wake aliporudi hakumwambia kitu, na mume wake hakuuliza mkia ulikwisha lini.

Povu la mkaguzi linasimama katikati.

"Zaidi ya nusu ni ya mama," anasema. "Mjenzi ndiye yeye. Aje aweke alama kwenye fomu."

"Ni marehemu," anasema Mwadime.

Mkaguzi anaitazama fomu, anaipindua. "Hakuna kisanduku cha marehemu. Kuna 'yupo', na kuna 'ametoka kidogo'."

Anaandika kwamba ametoka kidogo, na anamtuma Mwadime akamwite.

Mlango wa kanisa unafungukia hospitali. Korido ni ndefu, imepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni, na Mkawasi amekaa kwenye benchi la mwisho, amepakata kipande chake cha chuma kama mtu aliyepakata mkoba. Mwadime anakaa karibu naye. Anaona miguu ya mkewe imevimba, na anakumbuka kwamba aliiona imevimba vivyo hivyo wakati ule, akadhani ni viatu.

"Nilikwambia tununue yaliyokwisha," anasema Mkawasi.

"Uliniambia, Mama Wakio."

"Hukuniuliza haraka ni ya nini."

"Sikukuuliza."

Muuguzi anapita akisukuma gurudumu la ndege kwenye kitanda, amelifunika shuka.

"Ulikuwa umeshajua?"

"Tangu Februari."

Mwadime anamuuliza kwa nini hakumwambia waziwazi. Mkawasi anamjibu kwamba alitaka anunuliwe mabawa kwa kuwa ameyapenda. Hakutaka anunuliwe kwa kuwa anakufa. Analisema kama anavyotaja bei ya nyanya, na Mwadime anainamisha kichwa.

Benchi limekuwa bawa la kushoto. Mwadime yuko nje ya bawa, ameshika nyundo ya upepo. Mkawasi yuko ndani, uso wake unaonekana kwenye tundu la kupitishia mkono. Fomu imelala katikati yao.

"Weka alama kwenye lililokwisha," anasema Mkawasi.

"Nitakuwa nimenunua ndege."

"Nusu ilishapita, Baba Wakio. Ilipita kwa mkono wangu. Sasa nunua bawa. Usitafute mtu wa kukaa upande wangu."

Mwadime anaweka alama. Kalamu ni nzito kama mtaimbo. Kisha anamuuliza kama amemsamehe.

Mkawasi anatoa pamba kifuani, anachana vipande viwili, anavisokota vikawa vyembamba upande mmoja na vinene upande mwingine.

"Miaka hii yote ulijitia pamba masikioni mwenyewe," anasema. "Leo nitakutia mimi. Tupige ribiti moja, halafu mimi niende, na sitaki unisikie nikitoka."

Mkono wake unapita kwenye tundu. Anamtia sikio la kulia, kisha la kushoto, akibonyeza kwa kidole gumba. Mkono ni wa baridi kidogo, na ngozi ya kiganja ni ngumu pale ambapo chuma kilikuwa kikimsugua.

Mwadime anabonyeza nyundo. Inatikisika mikononi bila kutoa sauti. Upande wa pili kuna mtu ameshikilia. Anamsikia kwa mifupa ya mikono. Kisha hakuna mtu, na nyundo inapiga bati tupu.

Alipofumbua macho, Wakio alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mikono imelowa maji ya vyombo, midomo inacheza. Hakuna neno lililotoka. Mwadime alimtazama kwa muda, akidhani bado anaota. Akamwona binti yake anatembea, anakuja, anachukua fomu sakafuni, anaisoma, anaona alama kwenye bawa lililokwisha, anaacha kuzungumza.

Mwadime alipeleka kidole sikioni.

Ilikuwa pamba, imesokotwa, nyembamba upande mmoja. Aliichomoa ile ya kulia, akaishika kiganjani, na banda likarudi na sauti zake: kuku nje, bati likilialia kwa jua, Wakio akiuliza kwa sauti ndogo kama baba ana hakika na bawa hili, na kama anajisikia vizuri.

"Nina hakika," alisema. "Kaipeleke."

Wakio alikwenda na fomu. Mwadime alibaki amekaa. Ile ya sikio la kushoto hakuitoa.