Majina Kwenye Chupa ya Chai

Mtaa wote wa Cerro hakuna anayeujua mpira kunishinda, ingawa kuotea sijakuelewa mpaka leo. Ila mtu mwenye hofu, huyo simkosei. Jumamosi ile Wáshington Bentancor alisimama pembeni ya uwanja, chupa ya chai kaibana kwapani, kofia kaivuta mpaka machoni, akisingizia baridi.

Miaka kumi na sita alicheza beki wa kati, akipiga kwa kichwa mipira iliyolowa mvua ikawa mizito kama matofali. Sasa kichwa kinadai chake: majina yanampotea. Watoto anaowafundisha wote anawaita "bingwa", na kwa kuwa kila kocha huita hivyo, hakuna aliyeshtuka. Majina aliyaandika kwa kalamu ubavuni mwa chupa, jezi kwa jezi. Klabu yake ya zamani ilisema hayo si maradhi ya kazini. Hospitali ya serikali ilimpangia daktari wa kichwa mwezi wa Novemba. Huo ulikuwa Aprili.

Siku hiyo ligi ilimleta bwana Ledesma na faili. Mzazi mmoja kashitaki. Kocha akishindwa kuwataja watoto wake, anavuliwa filimbi, na filimbi ndiyo mkate wa nyumbani.

"Huyu nani, mzee?" Ledesma akanyoosha kalamu.

Wáshington akainamisha chupa, akamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha majani ya chai chenye mrija, akachungulia ubavuni mwa chupa. "Namba mbili, Nahuel. Karibu chai."

Kwetu hukatai kibuyu ulichopewa. Ledesma akafyonza, akakirudisha. "Huyu?"

Akamimina. "Lautaro. Mkaidi, ila mguu wake wa kushoto hatari."

"Na huyu?"

Akamimina tena. "Ciro."

Wakaenda hivyo mpaka wa saba.

"Mzee, utanipasua kibofu," Ledesma akasema, na watoto wakacheka. "Bado huyo wa nane tu, nikakojoe."

Namba nane akasogea, msichana mwenye misuko miwili. Wáshington akaizungusha chupa. Akaizungusha tena. Nane haikuwepo. Siku alipoandika yale majina, hilo aliliruka. Hakudhani kama angelihitaji. Jasho likamtoka katika baridi ile ile.

"Huyu mgeni," akasema. "Kaletwa Jumatatu, jina bado halijanikaa."

"Kaletwa na nani?"

Msichana akamtazama kocha, kisha akavitazama viatu vyake mwenyewe.

"Nimekuja naye," akamwambia Ledesma. "Huyu babu yangu ndiye kanifunga kamba za viatu asubuhi."