Pumba za Mama Ludovika

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota nimefika kazini nikakuta gunia la pumba limekaa kwenye kiti changu, limekunja nne.

Mimi ni mtu wa mashine. Nakoboa mpunga hapa Ifakara, huu ni mwaka wa ishirini na tatu. Gunia la pumba naliona kila siku, lakini sijawahi kuona lililokunja nne. Nikalisalimia. Ukiwa ndotoni na hujui la kufanya, salimia.

"Habari za asubuhi."

"Nzuri. Wewe ndiye Kasiani Mkopi?"

"Ndiye."

"Kaa."

"Kiti umekalia wewe."

"Basi simama."

Nikasimama.

"Wiki tatu zilizopita," gunia likasema, "mbele ya watu wanne, ulimwambia Mama Ludovika kwamba anaongea pumba. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Sisi ndio pumba. Siku ile hatukufungua mdomo."

Nieleze kidogo, maana ndoto yenyewe haikueleza. Mama Ludovika ni nesi mstaafu. Ndiye aliyeanzisha kikundi chetu cha Nafaka Nzima. Ulaji wetu unaitwa makrobiotiki, jina alilolipata kwa daktari mmoja mgeni aliyewahi kufanya naye kazi. Sisi tunasema tu kula kizima. Unakula mchele uliotolewa makapi na kuachiwa pumba zake, unakula kunde, unakula mboga za msimu zilizoota karibu na kwako, na kila tonge unalitafuna mara hamsini. Jumamosi zote tulikula pamoja uani kwa Mama. Tulikuwa thelathini na mmoja. Tukawa kumi na tisa. Tukawa sita.

Siku ile Mama akasema twende tukapike sokoni, hadharani, kila apitaye aonje, ili kikundi kikue. Mimi nikauona mji mzima unatucheka. Huu ni mji ambao ukimpa mgeni wali usio mweupe anadhani umemnunia. Nikasema, "Mama, hapo unaongea pumba."

Akanawa mikono, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu hapo hakuna tena Jumamosi. Wale wanne kila mmoja anakula kwake, na wawili nimesikia wamerudi kwenye wali mweupe. Mama asipofungua ule mlango, kikundi kimekufa, na aliyekiua ni mimi.

Na huyo ndiye aliyenisafisha kidonda cha mguu siku arobaini, kila asubuhi, wakati ndugu zangu wanaulizana nitazikwa wapi. Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa. Shule niliishia darasa la tano. Labda kuomba radhi kulifundishwa la sita.

"Kwenye kikundi chenu," gunia likaendelea, "sehemu bora ya mchele ni ipi?"

"Pumba."

"Nani kakufundisha?"

"Mama Ludovika."

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unamsifu."

"Nilikuwa namtukana."

"Kwa kumsifu?"

"Ndiyo."

Gunia likashusha mguu mmoja, likapandisha mwingine. "Kazi ipo," likasema. "Hebu chungulia nje. Una wateja."

Nachungulia. Nje kuna foleni ya punje za mchele. Kila punje ina kimo cha mtu, nyeupe, inang'aa, na zote zimejikumbatia kama watu waliotoka kuoga mtoni asubuhi ya baridi.

"Tuwasaidie nini?" nauliza.

"Tumefuata makoti yetu," inasema ya mbele.

"Makoti gani?"

"Uliyotuvua."

Nageuka kuitazama mashine. Mashine inatazama pembeni. "Mimi nilikuwa nawashwa tu," inasema.

Narudi dirishani, natazama vizuri, naona sura ninazozijua. Ya mbele ni Everada fundi cherehani, aliyekuwa mwanachama wetu. Nyuma yake Mwalimu Gaudensi, naye alikuwa mwanachama. Nahesabu foleni mpaka mwisho. Ishirini na watano. Ni wote waliotutoroka.

"Everada, si uliondoka mwenyewe?"

"Niliondoka mwenyewe."

"Sasa koti lako nimelivua mimi saa ngapi?"

"Nilikunywa soda moja msibani. Moja, Kasiani. Ukanitazama mpaka soda ikaisha gesi."

"Nilikutazama tu."

"Na mwalimu ulimfanyaje?"

Mwalimu Gaudensi anajibu mwenyewe, kwa upole, kama anasoma mahudhurio. "Nilitafuna mara thelathini na nane nikameza kwa bahati mbaya. Akanihesabia kwa sauti, mbele ya mke wangu."

"Sheria ni hamsini," nasema.

"Mama Ludovika alikuwa anatusogezea kiti," anasema Everada. "Wewe ulikuwa unakoboa. Mchana unakoboa mpunga, Jumamosi unakoboa watu."

Nataka kukasirika, lakini kwenye ndoto hii hasira zangu zimewekwa juu ya kabati na sizifikii.

"Nikiwarudishia makoti, mtarudi?"

"Mama akiwepo. Mchele hata majumbani kwetu upo. Sisi tulikuwa tunamfuata yeye."

"Makoti yenyewe yako wapi?"

"Makoti ni sisi," linasema gunia nyuma yangu. "Ila hatuvaliki hivihivi. Nenda kamlete Mama."

"Niende vipi na mashine ndiyo kwanza nimefungua?"

"Umeshafika."

Kweli, nimefika. Niko uani kwa Mama Ludovika, ila ua umekuwa jaruba la mpunga. Jua limetulia. Maji yananifika magotini. Mama amejifunga khanga kiunoni, ameinama, anapandikiza taratibu, mstari kwa mstari, na hanitazami.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinikanyagie katibu."

Natazama chini. Bwana Njahite, katibu wetu, amepandwa mpaka kifuani. Ananipungia mkono.

"Unaendeleaje, katibu?"

"Vizuri tu. Maji yana uvuguvugu. Wenzetu watatu wako mstari ule pale."

Naona vichwa vitatu. Vimetulia, vinaota jua. Hakuna anayelalamika. Pembeni yao kuna mashimo mengi, yamechimbwa tayari, matupu. Sihitaji kuyahesabu.

"Mama," nasema. Najikaza. Nafungua mdomo niseme nisamehe.

Inatoka sauti ya mashine. Mngurumo wote, na moshi kidogo. Bata wa jirani wanaruka.

"Zima kwanza," anasema Mama, bado ameinama.

Nafunga mdomo. Nasubiri injini ipoe. Najaribu tena, inanguruma tena. Katibu anaziba masikio kwa adabu.

Mama ananyooka, anashika kiuno, ananitazama kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Unaota," anasema.

"Najua naota, mama. Niko kwangu, nimelala."

"Sisemi hivyo. Tazama magoti yako."

Natazama. Kila goti lina majani mawili, mabichi, membamba, yanacheza kwa upepo.

"Hii ni mbaya au nzuri?"

"Ule mchele wako mweupe ukiupanda unaoza. Wewe unaota. Maana yake ndani huko kuna mahali mashine yako haijafika."

Kisha ananipa bakuli. Ndani yake kuna kitu cha kahawia, kigumu, kinatosha kinywa kimoja.

"Nini hiki?"

"Neno lako. Lile la siku ile. Nimekutunzia vilevile ulivyolitoa. Halina hata alama ya jino moja, Kasiani. Ulilitoa zima zima."

"Mama, nisa—" Mngurumo.

"Kula kwanza."

"Nitafune ngapi?"

"Kwani wengine ulikuwa unawahesabia ngapi?"

Natia mdomoni. Naanza. Mpaka kumi linachoma kama makapi, linakwama kwenye ufizi. Mpaka ishirini ni chungu, na nasikia sauti yangu humo ndani ikisema hapo unaongea pumba, hapo unaongea pumba, na najua sasa kwamba siku ile sikuogopa watamcheka yeye. Niliogopa watanicheka mimi. Kasiani, anayewang'arishia mchele mji mzima, amesimama sokoni na sahani ya wali wa kahawia.

Naendelea. Kwenye thelathini linalainika. Utamu unaanza, ule utamu wa nyuma ya ulimi unaoujua tu ukiwa na subira. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Mama ananitazama mdomo kama alivyokuwa akitazama kidonda changu, bila kinyaa na bila haraka. Kwenye shimo moja tupu maji yanatikisika, kama kuna mtu anajaribu mguu aone kama panafaa. Thelathini na sita. Thelathini na saba.

"Baba Stela! Unatafuna nini?"

Mke wangu alikuwa amenishika bega. Jua lilishaingia chumbani.

"Sitafuni kitu."

"Umetafuna tangu kulipopambazuka. Nikadhani umekula godoro."

Nilipitisha ulimi. Mdomo mtupu. Nikajiambia ni ndoto, mtu akilala vibaya ataota chochote. Lakini taya zilikuwa zimechoka kweli. Nikavaa shati, nikaiacha chai mezani, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Ludovika, nikijirudia njiani maneno mawili ili yasigeuke mngurumo.

Ua ulikuwa mkavu, umefagiliwa. Mlango wake ulikuwa wazi. Mama amekaa kwenye mkeka na ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mchele. Hakuinua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja ku—"

Akainua mkono kunizuia.

"Usiongee na kitu mdomoni, Kasiani. Bado kumi na tatu."

Nikafunga mdomo. Nikavuta kigoda, nikakaa. Sikuwa na kitu mdomoni, nakula kiapo. Nikatafuna. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Yeye akaweka ungo chini, akajikung'uta khanga, akaenda kwenye uzio kumwita jirani.

"Mama Fulgensia! Niazime lile sufuria lako la harusini!"

"Kuna nini? Msiba?"

"Msiba hakuna. Naenda kupika sokoni."

"Peke yako, sufuria lote lile?"

Mama akageuka, akanitazama taya zinavyopanda na kushuka.

"Na Kasiani," alisema. "Ngoja kwanza ameze."