Mkono wa Kushoto wa Torhild

Torhild hakuwa mtu wa kutulia, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia kwa miaka ishirini na sita. Ulikuwa na mahali pake: ukingoni mwa meza ya sauti, kiganja chini, vidole juu ya vitelezi, vile vishikio vinavyosukumwa kupandisha na kushusha sauti, huku macho ya mwenyewe yako jukwaani. Ndivyo alivyofanya kazi ya fundi mitambo katika ukumbi ule mdogo wa maonyesho kule Bodø, kaskazini mwa Norwe, na hakuna mwigizaji aliyewahi kuisubiri sauti yake.

Novemba meza iliondolewa. Mahali pake pakawekwa kompyuta na skrini pana ya kugusa, imelazwa kama sinia. Vitelezi vyote sasa vilikuwa picha ndani ya kioo. Unaweka kidole, unasukuma, na programu ya muziki inatii. Hata vidole vyote kumi kwa pamoja inavipokea. Sindre, fundi aliyeifunga, alimwonyesha mara mbili, kisha akasema hata mwanawe wa miaka minne anaiweza.

"Basi mwajirini yeye," Torhild alimwambia.

Jumanne, kwenye mazoezi, akaaibika. Mchezo ulihusu binti wa baharia aliyezama. Katikati yake Åsne, mwigizaji, anasimama peke yake, jukwaa kimya, halafu anaanza kuimba. Upepo unatakiwa uingie chini ya sauti yake taratibu, mtu asijue umeanza lini. Torhild alimkazia macho mabegani, maana mabega ya Åsne hupanda kidogo kabla hajaimba, na ishara ndiyo hiyo. Alipokuwa akiyangoja, mkono wa kushoto ukajisahau. Kiganja kikatua kwenye kioo. Kioo nacho hakijui kupumzika ni nini, kikiguswa, kimeagizwa. Upepo, kengele za kanisa na makelele ya shakwe vikalipuka kwa pamoja. Åsne akaziba masikio.

Oddvar, mkurugenzi, hakugomba. Alisema "ndiyo" ile ya kaskazini, ya kuvuta pumzi ndani kama mtu anayeonja supu ya moto, na Torhild akajua maji yamemfika shingoni. Baadaye alimwita ofisini, akammiminia kahawa, akamweleza kwa upole kwamba Alhamisi wanafunzi wa shule watakuja kutazama mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho la Jumamosi. Mambo yakienda sawa, kiti ni chake. Yasipokwenda, Sindre atakikalia, naye atahamia mlangoni kupokea makoti.

"Makoti yana raha yake," Sindre alimtania ngazini. "Hayaimbi."

"Wala hayaropoki."

Jumatano hakukalika. Alijaribu kuiweka mikono hewani. Baada ya robo saa mabega yakawaka moto. Akaweka ubao wa kuegemea. Ukaziba nusu ya skrini. Akautia mkono mfukoni. Ukatoka wenyewe kama paka. Nyumbani, wakati wa chakula, alipigapiga meza kwa vidole mpaka bintiye Maren akasogeza sahani ya samaki mbali naye.

"Mama, ama ule ama upige ngoma."

Torhild akajibu kwamba anayekula bure hachagui muziki.

Alhamisi alifika kazini mapema kuliko wote. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na hakuvua hata koti. Aliwasha kompyuta, akaitazama skrini ile, laini, inang'aa, haina hata mkwaruzo wa kuonyesha kwamba kuna mtu amehangaika nayo. Hasira zikampanda. Akaizaba kofi.

Hakuna kilichosogea.

Akaizaba tena. Akaiegemea kwa uzito wake wote. Vitelezi vikabaki palepale. Ndipo alipoutazama mkono wake: alikuwa bado amevaa glavu za sufu, nene, alizozifuma mwenyewe. Kioo kilitambua ngozi tu. Sufu hakikuijua.

Hakushangilia. Alitafuta mkasi. Kufuma glavu nyingine ni kazi ya juma moja. Ya kushoto akaikata ncha ya kidole cha shahada peke yake. Ya kulia akaivua. Kisha akafanya jambo ambalo meza ya zamani isingekubali: akaviburuta vitelezi vitano vya tufani, kimoja kimoja, mpaka kila kimoja kikalala chini ya kidole chake cha mkono wa kulia, cha dole gumba kikiwa chini pembeni, cha kidole kirefu juu kabisa. Mwisho akabandika utepe mwembamba kando ya kitelezi cha upepo, kile kidole cha kushoto kilicho wazi kikipate bila kusaidiwa na macho.

Sindre alipoingia alisimama kidogo. "Umebandika utepe. Skrini hii ni mpya, Torhild."

"Na mimi ni mzee. Tutavumiliana."

Saa nne asubuhi ukumbi ukajaa wanafunzi. Walinong'ona, wakatafuna, hatimaye wakatulia. Åsne akasimama peke yake. Kiganja cha sufu kikalala kwenye kioo, kizito, na kioo hakikusema kitu.

Åsne hakuanza. Sekunde tatu, nne. Mtoto mmoja akakohoa. Oddvar, aliyeketi safu ya pili, akageuka kutazama nyuma. Sindre, aliyeambiwa akae karibu endapo atahitajika, akadhani Torhild amepitwa. Akanyoosha kidole kuelekea kwenye upepo. Torhild hakumtazama. Aliinua mkono wa sufu, akampiga kidoleni kama apigwavyo mwizi wa maandazi, akaurudisha pake. Macho yake hayakubanduka mabegani kwa Åsne.

Mabega yakapanda.

Kidole kikaukuta utepe, kikapanda nao polepole. Wimbo ukaanza, upepo ukiwa chini yake, na yule mtoto aliyekohoa akajifunga skafu pasipo kujua kwa nini. Tufani ilipofika, vidole vitano vya kulia vilisukuma kila kimoja kwa mwendo wake, mvua ikitangulia, mbao na kamba za meli zikilia nyuma yake. Safu ya mbele ikashikana mikono.

Watoto walipoondoka Oddvar alikuja, akaangalia glavu, akaangalia utepe. Akavuta pumzi ile yake.

"Jumamosi uje na glavu hiyohiyo," akasema.

Sindre alikuwa bado anasugua kidole. Akamuuliza Torhild kama anafuma na za wanaume.

"Kwa wanaojua kusubiri."

Torhild alirudi nyumbani kwa miguu, ncha ya kidole kimoja ikiganda nje ya sufu, vidole vya kulia vikiirudia tufani mfukoni. Mvua, mbao, kamba, kengele. Kamba zilichelewa kidogo. Akaharakisha hatua, kisha akasimama katikati ya theluji, akageuka, akarudi kazini kukisogeza kitelezi cha kamba.