Marehemu Haulizwi Ruhusa

Jumamosi ya harusi, Arlène alipiga pasi shati la Irakiza nyuma ya cherehani ya mama yake, huku mwenye shati akisubiri kifua wazi, amejifunga kitenge. Pasi ya mkaa ilitema majivu. Irakiza alisema mkunjo wa bega la kushoto uachwe, amezoeana nao. Arlène alimjibu kuwa mchekeshaji mwenye mikunjo watu humcheka kabla hajafungua mdomo. Irakiza akakubali, kama alivyokuwa akikubali kila alichoambiwa na Arlène tangu waanze kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Walijiita Bawili Tu, Arlène mtoto wa Uvira na Irakiza Mrundi, na hapo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hakukuwa na harusi wala ubatizo usiowajua. Hawakuandika kitu. Mtu katika umati alitupa neno moja, nao wakalijengea mchezo palepale. Walikuwa na sheria mbili. Mwenzako akikupa kitu, unakubali: akisema wewe ni ng'ombe, unalia kama ng'ombe, kisha unampa na yeye kitu. Na mchezo uliokwisha kuchezwa haurudiwi.

Harusi ilikuwa mjini Lilongwe, Area 49, upande wa Gulliver. Dirisha la ofisi inayotoa ruhusa ya kutoka kambini halikufunguliwa wiki ile, na maharusi hawakuwa na namna ya kusubiri dirisha. Wakaenda bila ruhusa. Kwa Arlène hatari ilikuwa kulala rumande. Kwa Irakiza ilikuwa kubwa zaidi, maana alikwishaambiwa kuwa akikamatwa tena nje ya kambi atapandishwa lori la mpakani, na huko kwao walikuwepo watu waliokuwa bado wanamuulizia.

Shangazi mmoja wa bibi harusi alitupa neno: jino. Arlène akawa daktari, Irakiza akawa jino.

"Docteur, uniachie," jino likalia, limeshikilia ufizi kwa mikono miwili. "Mi njo jino ya mwisho yenye iko na kazi mu hii kinywa. Benzangu bote banalala."

Bwana harusi alicheka mpaka wakamlegezea tai.

Jioni walipanda pikapu ya Josué, aliyekuwa anarudisha viti vya kukodi. Penye kizuizi cha barabarani askari akapiga tochi juu ya viti, ingawa jua lilikuwa bado halijazama, na mwanga ukaangukia uso wa Irakiza. Akauliza huyu ni nani na karatasi yake iko wapi.

Arlène alijibu kabla hajafikiri. Alisema ni marehemu, amefariki jana mjini, wanamrudisha kwa mama yake akazikwe.

Irakiza akakubali.

Askari aliweka vidole shingoni mwake, akakuta shingo imepoa na haipigi. Akavua kofia. Alimwambia Arlène pole, akasimamisha malori ya tumbaku ili pikapu ipite, na wanawake waliokuwa wanauza nyanya kando ya barabara wakapiga magoti. Mmoja alivunja tawi lenye majani, akalifunga mbele ya gari ili watu wa mbele wajue ni msiba.

Walipoingia kambini Arlène alimwambia kuwa mchezo umekwisha. Irakiza akaketi, akajikung'uta vumbi, akashuka mwenyewe. Lakini hakuwa anapumua. Hajapata kufanya kazi nusu nusu.

Mama wa Irakiza, Mama Générose, alimgusa mwanawe paji la uso, akamwambia anawe miguu kabla ya kuingia. Kesho yake majirani walikuja kuhani, na marehemu aliwapokea mlangoni, akawashukuru mmoja mmoja na kuwaonyesha pa kukaa. Jumatatu kabla ya mchana jina lake lilikuwa limekwisha kutolewa kwenye mgao wa chakula. Ofisi haikuwahi kumshughulikia haraka namna ile.

Baadaye ilionekana kuwa kifo kilikuwa na nafuu yake. Marehemu haulizwi ruhusa. Irakiza alipita vizuizi vyote na askari wakampisha. Arlène akipata karatasi yake ya ruhusa, walikwenda pamoja. Walicheza mjini Mponela mbele ya wafanyabiashara wa mahindi, na watu walisema hawajaona mtu anayeanguka vizuri kama yule. Arlène asipopata karatasi, Irakiza alitangulia peke yake, akasimama mahali pa mchezo siku nzima bila kusema neno, kwa sababu marehemu anaweza kukubali lakini hawezi kuanza.

Hilo ndilo lililomuumiza Arlène. Zamani Irakiza alikuwa mtoaji. Jukwaani alishampa nyumba ya ghorofa Uvira, mama mkwe aliyefuga kiboko, kwaya iliyoimba kila alipopiga chafya. Sasa alipokea tu. Arlène akimwambia yeye ni mwizi wa kuku, alikuwa mwizi wa kuku, akabaki amemshika yule kuku kwa uangalifu, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Watu walicheka. Arlène alirudi nyumbani mikono mitupu, na usiku mama yake alimsikia akijipa maneno mwenyewe na kujijibu.

Soko la Tsoka ndipo alipokata shauri. Walikuwa kati ya mchezo, yeye muuza viatu, Irakiza kiatu kilichopotelewa na mwenzake. Arlène akaacha biashara, akamtazama usoni.

"Irakiza," alisema. "We uko muzima."

Irakiza akakubali. Rangi ilianza kurudi masikioni, halafu midomoni. Alikohoa vumbi jingi. Alitazama soko, akamtazama Arlène, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi akampa kitu.

"Basi nipe maji, muke wangu," alisema. "Na ufunge mulango. Kila siku unaachaka inzi zinaingia, kisha unasema ni mi naletaka uchafu."

Hapakuwa na mlango. Arlène aliufunga, kwa mikono yote miwili, akausukuma mpaka ukakaza. Alilia, na watu wa Tsoka wakapiga makofi kwa kuona amejua kuigiza. Njiani alimnunulia Irakiza chipsi, naye Irakiza akala zote, akaomba nyingine, akalalamika chumvi. Akamuuliza Arlène kama ule mlango ataufungua tena au ndiyo wameshaoana.

"Mulango imefungwa," Arlène alisema. "Uko ndani."

Penye kizuizi alikuwepo askari yuleyule. Alimkumbuka Irakiza vizuri. Alisoma karatasi ya Arlène, akamrudishia, kisha akaeleza kwa upole kuwa Irakiza akiwa marehemu hakuwa na neno naye, lakini mtu aliye hai anatakiwa kuwa na ruhusa. Hakutunga yeye taratibu hizo. Alisema lori la mpakani liko karibu, litafika sasa hivi, na akamletea Irakiza kiti.

Irakiza aliketi. Jasho lilikuwa linamtoka, naye alilitazama mkononi kama kitu cha thamani.

"Sema tena," alimwambia Arlène.

Arlène alisema mchezo haurudiwi. Alisema watatafuta mwingine, atakuwa mtalii, atakuwa mbuzi. Irakiza alitikisa kichwa. Mbuzi wanamjua.

"Kule batanikata," alisema. "Heri ni we. Sema tu, mi nitakubali."

Sauti ya lori ilikuwa imeanza kusikika. Arlène alisema. Irakiza akakubali, na askari akavua kofia.

Safari hii hakuamka. Arlène alimwambia mchezo umekwisha, akamwambia yuko mzima, akamwambia yeye ni jino, ni ng'ombe, ni mume wake. Alimpa kila kitu alichokuwa nacho. Wakamzika Jumanne, na kwaya ikaimba bila kuchekesha.

Wiki ile walikuja watu kwa Arlène, kwa adabu, mmoja akiwa na mgonjwa wa kupeleka Lilongwe, kuuliza kama anaweza kuwasemea penye kizuizi kuwa ni marehemu. Dirisha la ruhusa lilikuwa limefungwa tena. Aliwakatalia wote.

Jumapili Pasteur Byamungu alimsimamisha mbele ya kanisa. Alisema Mama Générose ana uchungu wa haki, mtoto wake ametamkiwa kifo mara mbili na kinywa kimoja, na kinachotakiwa ni neno dogo tu ili watu wapatane. Mama Générose alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono mapajani, akingoja.

Arlène alimgeukia yeye, si mchungaji.

"Mama Irakiza, maji nitakuchoteaka. Kulia, tutalia wote. Lakini yule polisi alimutolea mutoto wako kofia mara mbili, na zote mbili alikuwa maiti. Mi nilimupatia kile barabara ilikuwa inakubali. Pardon siombi. Leo siombi, na kesho musiniite."

Akaketi.